Mngurumo wa Kushukia Mtoni

Lori langu lilikuwa na sauti kunishinda mimi, na mimi, mke wangu atakwambia, sijawahi kuona haya kupiga kelele. Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nikitoa kabichi na viazi vilimani nikivipeleka soko la Karatina, na njia za huko ni kupanda na kushuka, kushuka na kupanda. Kwa hivyo lori lilikuwa na breki ya eksosi. Unakanyaga kitufe kilicho sakafuni, hewa inatoka kwenye tangi lake, inasukuma kifuniko ndani ya bomba la moshi, moshi unakosa pa kutokea, na injini yenyewe inalishikilia lori mteremkoni huku ikinguruma kama fahali aliyenyimwa chumvi. Breki ya mguu unaiacha ipoe. Nilipenda mngurumo ule kupita kiasi. Nilikuwa nikiutoa hata mbele ya kanisa.

Mama mkwe wangu aliishi juu ya mteremko mrefu unaoshuka hadi mtoni. Mumewe alifia kwenye mteremko huo, ndani ya lori la watu lililokosa breki, kabla mimi sijamjua binti yao. Tangu siku hiyo mama hakupanda gari. Kanisani alikwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu. Sasa mke wangu alikuwa amejifungua binti wetu wa pili, na kwetu binti wa pili huchukua jina la nyanya mzaa mama. Mtoto huyo, wajina wake, alikuwa kwetu mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, mbali mno kwa miguu ya mwanamke wa umri wake, na mama alikuwa hajamshika hata mara moja.

"Usirudi bila mama," mke wangu aliniambia.

Nilimbembeleza mama weee, mpaka akakubali kwa sharti moja. Alikuwa akilisikia lori langu kutoka shambani kwake kila nilipopita. "Ile kitu yako inanguruma," alisema, "nikiisikia kwanza, nitapanda. Isiponguruma, sipandi."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hiyo hata ukiwa kaburini utaisikia." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia mjane! Mdomo wangu ndio haujawahi kufungwa breki.

Siku yenyewe nilivaa suti yangu ya harusi, maana kwa mama mkwe huendi ovyo ovyo. Kwetu heshima ya mkwe si mchezo, hata kutafuna mbele yake unaona aibu. Mama akatoka na kitambaa kipya kichwani, kiondo kimejaa njahi, yale maharagwe meusi ya kumpikia mzazi. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua kutazama. Nikawasha injini kwa madaha, nikakanyaga kitufe.

Pfff.

Nikakanyaga tena. Hata paka mwenye mafua angejitahidi zaidi. Mama akaketi juu ya jiwe, kiondo mapajani.

"Sijasikia," akasema.

Damu ikanipanda kichwani. Nikafunua boneti, nikaanza kuitukana kompresa, ile pampu inayojaza tangi hewa. Nilisema imekufa, nilisema nimeibiwa na aliyeniuzia, nikaugonga ukanda wake kwa spana. Niliporudi kukaa kwenye usukani ndipo nikaitazama geji ya hewa, ambayo siku zote iko mbele ya pua yangu. Mshale ulikuwa umesimama pa kujaa. Tangi lilikuwa na hewa tele. Kompresa ya watu haikuwa na kosa lolote, na kuiomba msamaha sikuweza.

"Basi hewa inavuja njiani," nikatangaza kwa sauti ya daktari. "Leteni maji ya sabuni!"

Mama akaleta karai la povu yeye mwenyewe. Hapo suti ya harusi ikaingia chini ya lori, na miguu yangu ikabaki nje imemwelekea mama mkwe. Nikapaka povu kila kiungo. Panapovuja hewa povu hutokota, lakini hapakutokota kitu. Jirani mmoja akainama kunishauri, ati labda ni baridi ya mlima imegandisha dizeli. Nilimjibu neno ambalo silirudii hapa, kisha nikakumbuka ni nani aliyeketi kwenye jiwe.

Nikazima injini, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikafungua mpira wa hewa pale unapoanzia, chini ya kitufe. "Mtu apande akanyage!" nikapaza sauti. Majirani wakatazamana. Nikasikia mlango wa lori ukifunguka, halafu sauti ya mama juu yangu: "Nakanyaga. Limezimwa, haliendi popote."

Hewa ikatoka kwa kishindo ikanipiga povu lote machoni. Uwi! Sikuona tena. Lakini nilijua sasa kwamba hewa inafika pale, na mwisho wa mpira haifiki. Kwa hivyo nikaufuata mpira kwa vidole, kipofu, nikipapasa na kulaani, mpaka nikagusa fundo.

Fundo lile nililijua. Lilikuwa la blanda, ile mipira ya tyubu kuukuu tunayokata vipande tukafungia kila kitu: kabichi, kuku, milango, hata suruali. Juzi nilikuwa nimeona mpira wa hewa unaning'inia karibu na eksosi, nikaufunga kwenye chesi ya lori kwa blanda, mguu mmoja nimekanyagia gurudumu, nikivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mpira ukalainishwa na joto, blanda ikaubana koo. Nilikuwa nimelinyonga lori langu kwa mikono yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema kutoka chini, polepole, "naomba panga."

Nikalikata fundo, nikaurudisha mpira mahali pake. Nilipotoka, nimejaa tope, mafuta na povu, mama aliichukua ile blanda akalitazama fundo. Akaitia kwenye kiondo. "Hii nitafungia mbuzi," akasema. "Huyo hatatoroka." Majirani walicheka mpaka wakaushika ua.

Nikawasha, nikasubiri, nikakanyaga. Kilima kizima kilinguruma. Mama akasimama, akatikisa sketi yake. "Sasa nimesikia," akasema, akapanda.

Tulishuka polepole. Mkono wake mmoja ulishika dashibodi, mwingine kiondo. Mimi pia nilikuwa naogopa, nakiri. Tulipofika kwenye daraja akasema, "Simama."

Akashuka, akageuka kuutazama mteremko.

"Hapa ndipo nilikuwa nimesimama siku ile," akasema. "Siku hizo malori yalishushia watu hapa darajani, nami nilikuwa nimekuja kumpokea. Nilingoja, nikangoja, mpaka watu wakashuka kuniambia."

Mimi, mwenye maneno ya kila kitu, nilipata moja tu. "Pole, mama."

Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akapanda bila kusaidiwa. "Twende," akasema. "Huyo mtoto asingoje."

Kutoka hapo barabara ni tambarare sehemu kubwa, na breki ile haina kazi. Lakini niliikanyaga njia nzima hadi Skuta, kila baada ya muda mfupi, watu wakinitazama kama kichaa aliyevaa suti ya povu. Nilitaka mama aendelee kuisikia.