Majembe Mawili Chini

Nyumbani kwangu Murungu mtandao wa simu unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Kwa hiyo kazi yangu ya miaka hii ya karibuni nimeifanya nikiwa nimeketi juu ya udongo wa mchwa, kitenge mabegani, simu sikioni. Majirani wakipita walidhani nimeanza kuchanganyikiwa, na siwalaumu. Mjane ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam, kila asubuhi anapanda kichuguu na kuzungumza Kifaransa na hewa. Hata mimi ningemwonea huruma.

Kifaransa nilikipata Kasulu. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wamenibeba mgongoni, nikakulia hapa, nikawa Mtanzania. Nilipokwisha kuolewa nikapata kibarua cha kufagia zahanati katika kambi ya Wakongomani. Mtawa mmoja pale aliona kwamba nina masikio mepesi, akanifundisha jioni baada ya kazi. Baadaye nikawa mkalimani: mgonjwa anasema, nami nasema, daktari anajibu, nami najibu. Nilisema "tumbo linaniuma" mara nyingi kuliko mtu yeyote wilayani, na langu lilikuwa zima kabisa.

Mume wangu alipofariki nilirudi Murungu kulima. Ndipo akanipigia simu msichana mmoja ambaye tuliwahi kufanya kazi pamoja kambini. Akasema kuna akina mama wa vijiji vya mkoa jirani, ambako bomba la mafuta limepangwa kupita mashambani mwao, nao hawalitaki. Kuna na akina mama wengine upande wa pili kabisa wa Afrika, kwenye mdomo wa mto unaoingia bahari ya Atlantiki, ambako mafuta na gesi vimechimbwa tangu bibi zao wakiwa wasichana. Makundi haya mawili kila moja limesikia habari za jingine, na yanataka kuzungumza, ila hayana lugha moja. Je, naweza kukaa katikati?

Nilikubali haraka mno, mpaka nikaona aibu. Ukweli ni kwamba sikuwa na bomba wala kisima cha mafuta, na shamba langu hakuna aliyelitamani isipokuwa mbuzi wa jirani. Nilikubali kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Mmoja wa watoto hupiga simu Jumapili, anauliza kama nimekula, anakata. Siku nyingine zote sauti niliyoisikia zaidi ilikuwa yangu mwenyewe nikigombana na kuku.

Basi zikaanza kuja sauti zilizorekodiwa. Upande wa Atlantiki msemaji alikuwa mama mmoja, mkubwa wangu kidogo kwa jinsi nilivyomsikia, mwenye sauti nzito na kikohozi. Kila mara alianza hivi: "Dada zangu, mmeamkaje?" Nami nikawaambia wale wa bombani: "Dada zangu, mmeamkaje?" Aliwaeleza kuhusu moto wa gesi unaowaka juu ya mlingoti karibu na kijiji chao, usiku na mchana, hata jogoo wanawika ovyo. Aliwaeleza walivyokosea wao: kila mtu aliitwa peke yake, akapewa karatasi peke yake, akaweka dole gumba peke yake. "Wakija kupima," alisema, "msiwape shamba la mtu mmoja. Tembeeni wote."

Wale wa bombani wakafanya hivyo hivyo. Siku wapimaji walipokuja, kijiji kizima kiliwafuata shamba kwa shamba, kila mti ukashuhudiwa na wote, na hakuna aliyetia saini siku hiyo. Walirekodi mlio wa miguu yao wakatuma. Mlio huo haukuhitaji mkalimani. Nilimsikia yule mama akicheka huko kwao mpaka akakohoa, na mimi kichuguuni nikacheka peke yangu.

Nilimzoea. Kwa kikohozi chake nilijua leo amelala vizuri au hakulala. Mara moja nilijirekodi nikimuuliza kama ana dawa, na kama amejaribu tangawizi na asali. Nikasikiliza nilichosema, nikakifuta. Mkalimani hana lake la kusema. Yeye hakujua kama mimi ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Aliwasikia dada zake tu, nami nilikuwa kama waya.

Mvua za kwanza za mwaka huu zilipoanguka, watu wote wa kilima chetu walitoka na majembe kupanda maharage. Asubuhi ya pili sauti iliyokuja haikuwa ya yule mama. Ilikuwa ya binti yake. Alisema mama yake amefariki na atazikwa keshokutwa. Nikawafikishia wale wa bombani. Wakatuma pole, wakaomba dua, wakalia kidogo. Nikatafsiri yote, neno kwa neno, na nilipomaliza nikaona bado nimeshika simu.

Kwetu mtu akifa kilimani, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe. Hata kama mvua inanyesha na mbegu ziko kikapuni. Mfiwa akitazama huku na huku asione jembe linalopanda na kushuka, anajua kwamba hakufiwa peke yake. Basi nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikasema Kifaransa changu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilimwambia binti kwamba mimi ndiye ninayepokea na kupeleka maneno yao, na kwamba kilima chetu chote kimeweka majembe chini kwa ajili ya mama yake. Wakati nasema hivyo majembe yalikuwa yanasikika bondeni, ko, ko, ko. Sikuwa nimemwambia hata mtu mmoja.

Jibu lilikuja upesi. Binti alikuwa analia. "Hapa mashine hazijasimama hata saa moja," alisema. "Tafadhali, tupigie picha ya kilima hicho. Tutawaonyesha watu kwenye mazishi."

Nilishuka kichuguuni. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alinisikiliza mpaka mwisho kwa sababu ni mtu wa adabu. "Dada yangu," akasema, "pole sana. Lakini huyo si wa hapa. Mvua hii tukiipoteza, tutakula nini?" Nilikwenda nyumba ya pili, wakaniuliza kama marehemu ni ndugu. Ya tatu walinipa kiti na maji ya kunywa, wakarudi shambani. Walikuwa na haki, na nilijua wana haki, na bado nilikasirika. Nilikuwa nimemuahidi mfiwa kitu ambacho si changu.

Ikabaki nyumba ya mwenye mbuzi. Huyu ni bibi aliyekuja kutoka Burundi akiwa tayari mtu mzima, na tangu mbuzi wake alipokula mahindi yangu tulisalimiana kwa ufupi tu. Nilimkuta ameinama shambani, nikamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Bwakeye, mama."

"Bwakeye. Mbona jembe lako leo limelala?"

"Nimefiwa."

Akajinyoosha. "Yoo! Mtoto?"

"Hapana. Mama mmoja wa mbali. Nilikuwa namsikia kwenye simu."

"Uso wake unaujua?"

"Siujui."

Akainama, akalima tena. Nikamweleza huku anachimba: bomba, moto wa gesi, kikohozi, na uongo wangu. Aliposikia uongo akacheka hadi akashika kiuno. "Kumbe tumeomboleza wote bila kuambiwa!"

Nikamwambia basi, nakwenda kumwambia binti ukweli, nimekuja tu kwa kuwa nilikuwa nimebakiza nyumba yake. Nikageuka.

"Ngoja," akasema. Alikuwa ameacha kucheka. "Mtoto wangu wa kwanza nilimzika njiani, tulipokuwa tunakimbia. Tulikuwa tumeshavuka mpaka, tuko upande huu, Mabamba. Baba yake alichimba kwa panga. Bondeni watu walikuwa wanalima. Waliinua macho wakatuona, wakaendelea. Walikuwa hawatujui, sina ugomvi nao. Lakini yale majembe nayasikia mpaka leo."

Alichuma majani, akafuta udongo kwenye jembe lake taratibu, pande zote mbili. Kisha akapanda nami hadi kwangu, akalilaza kando ya langu, kwenye mpaka wa mashamba yetu, pale pale alipovukia mbuzi. Nikapiga picha. Nyuma ya majembe, ukitazama vizuri, watu walionekana wanalima.

Nilipanda kichuguu, na bibi akapanda nyuma yangu akilalamika magoti. Nikamwambia binti: nilidanganya, unisamehe, kilima kinalima. Yaliyowekwa chini ni majembe mawili, langu na la jirani yangu. Bibi akanigusa bega. "Mwambie langu nimelilaza kwa ajili ya mama yake, na ya mtoto wangu pia. Mwambie jina lake." Akalitaja. Tumeishi jirani miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kulisikia. Nikalipeleka.

Siku mbili hatukulima. Mbuzi alifungwa. Mwenyekiti alipita, akatutazama tukiwa tumeketi mlangoni kwangu tunakunywa uji, akavua kofia, akaenda shambani kwake.

Jioni ya mazishi sauti ikaja. Binti alisema amewaonyesha watu picha, na hakuna aliyesema majembe mawili ni machache. Alisema kwao, kabla ya kufukia, hutajwa majina ya waliotangulia, ili anayekwenda akawasalimie. Kisha ikafuata sauti ya watu wengi, wanaume kwa wanawake, kwenye upepo wa bahari, wakitaja majina ya kwao nisiyoyajua. La mwisho lilikuwa la mtoto yule. Walilitamka kwa shida, wakalirudia mara tatu.

Jina langu hawakuliuliza. Nilikuwa nimejiandaa kulitaja, sitasema uongo mwingine, na jambo hilo liliniuma.

Bibi alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, kichwa chini, kitambaa kimemwanguka mabegani. Sikutafsiri chochote.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, na nikarudia tena, mpaka simu ikaisha chaji.