Darubini Tatu na Swala Mmoja

Machinjioni walimwita Mama Muhuri, kwa kuwa hakuna pande la nyama lililotoka mlangoni bila kugongwa muhuri wake wa wino wa zambarau. Kutwa alipasua maini, akabonyeza tezi, akanusa mapafu. Damu haikumtia kinyaa. Kilichomtia kinyaa ni uzembe: kisu butu, sakafu isiyooshwa, mchinjaji anayepiga soga huku mnyama anatapatapa. Akiona hayo alikunja uso, na vijana wote wa zamu wakashika adabu.

Starehe yake ilikuwa kutazama ndege. Mumewe, mstaafu aliyepata kiharusi kikamwachia mikono ya kutetemeka, alipenda nyota. Wakakubaliana wanunue darubini moja ya macho mawili, si ya kifahari, si ya kuchezea watoto. Shemeji mtu, mume wa mdogo wake, akasikia. Huyo alikuwa mwindaji mwenye kibali na domo refu kuliko bunduki yake.

"Na mimi nataka," alisema. "Mwenye duka ni rafiki yangu, atatuazima tatu za bei ya kati. Tunazipima kwanza, ndiyo tunachagua."

Ijumaa jioni wakazijaribu barazani, mwezi ukiwa umeshatoka. Mzee akaanza na ile kubwa, ya kuvuta mara kumi, yenye vioo vipana.

"Inaonyesha vizuri, ila inanivunja shingo," alisema. "Mwezi unacheza kama uko ndani ya ndoo ya maji."

Akachukua nyepesi, ya mara nane. Akatulia. "Haa, huu sasa ni mwezi. Hata mashimo yake nayaona."

Ya tatu ilikuwa na kijigurudumu cha kuongeza ukubwa, kutoka kumi mpaka thelathini. Shemeji aliing'ang'ania kama mtoto na pipi. Mama Muhuri alipoiomba na kuizungusha mpaka mwisho, aliona kiduara chembamba chenye kiza, kama anachungulia kwenye bomba lenye moshi.

"Shemeji, hizi namba tu. Ndani hamna kitu."

"Wewe shemeji yangu kazi yako maini," alicheka. "Ya porini niachie mimi."

Kesho yake alasiri Mama Muhuri na shemeji wakapanda kilima, wao wawili tu. Shemeji akalala kifudifudi na bunduki yake, ile ya mara thelathini ikiwa kando. Mama Muhuri akakaa kwenye jiwe na ile nyepesi, akawapata hondohondo wawili, ndege wenye midomo mikubwa, juu ya mti mkavu. Dume alikuwa anamlisha jike, punje kwa punje, na mama wa watu akajikuta anatabasamu peke yake.

Bunduki ikalia. Kundi la swala likatimka.

Shemeji akanyakua darubini yake, akazungusha kijigurudumu. "Aa, nimekosa. Wamekimbia wote."

Hawakukimbia wote. Mama Muhuri alishamwona mmoja kando ya kichuguu, mgongo umepinda, anatembea taratibu kama anayeogopa kumwaga kitu. Chini ya tumbo paling'inia kitu kirefu, cheupe. Hakuhitaji kuambiwa ni nini.

"Hujakosa. Umempiga tumboni. Yule pale."

"Wapi? Mimi naona ukungu mtupu."

Akavua mkanda shingoni, akampa ile nyepesi. Shemeji akatazama kwa muda. Mama Muhuri alimsubiri ashtuke, aape, aokote bunduki. Badala yake akapiga mluzi.

"Alaa! Hii kiboko, shemeji! Yaani mpaka inzi wanaonekana, mmoja mmoja. Ndiyo nitakayochukua."

"Mfuate ukammalize."

"Bondeni kote kule matope! Fisi watajua la kufanya. Halafu utumbo ukishapasuka nyama inaoza, wewe mwenyewe usingeigonga muhuri." Akacheka, akitafuna karanga, makombo yamemganda kidevuni.

Mama Muhuri aliyatazama yale meno yakisaga, akahisi hawezi kukaa hapo hata kidogo. Akachomoa kisu kwenye begi la shemeji bila kuomba, akateremka. Matope yalimfika magotini. Nyuma alimsikia akilalamika, "Shemeji, acha utoto!" lakini akija pia, maana aliona aibu kubaki.

Swala alikuwa ameshalala. Mama Muhuri akamshika kichwa, akamchinja haraka, kwa mkono mmoja usiosita. Kisha akageuka akatapika, na shemeji, aliyesimama mbali amejiziba pua na shati, akasema, "Si nilikwambia inanuka?"

Mama Muhuri akafuta kisu kwenye majani, akaanza kupanda kilima.

Kwa mdogo wake, chai ikiwa mezani, shemeji alisimulia mawindo kwa madoido, akafika kwenye wale inzi. Mama Muhuri akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, mumeo ananitia kinyaa."

"Dada, jamani," mdogo mtu alisema kwa sauti ndogo, "si mnyama tu?" Hilo lilimuuma kuliko yote ya mchana.

Shemeji akanunua ile nyepesi, na duka lilikuwa na hiyo moja tu. Mwenye duka akaahidi kuagiza nyingine kama hiyo, Mama Muhuri akakataa. Akachukua ile kubwa inayovunja shingo. Mzee alipouliza kulikoni, alimweleza yote. Mzee akatikisa kichwa. Seremala wa jirani akawatengenezea kigoda chenye nguzo ya kuiegemeza, na mwezi ukaacha kucheza.

Kwa mdogo wake hakwenda tena. Ni mdogo mtu aliyekuja, baada ya mvua za kwanza, peke yake, na mfuko wa machungwa. Walikaa barazani wakimenya. Giza lilipoingia mzee akamwita kwenye kigoda, akamwonyesha kundi la nyota ndogo zilizojibana pamoja.

"Nyingi hivi!" alisema mdogo mtu, macho yameganda kwenye vioo.

Mama Muhuri akamsogezea kiti. Habari za nyumbani kwake hakuuliza.