Vumbi la Mfukoni

Maabarani wanamwita Mkunga, kwa kuwa fuwele huzaliwa mikononi mwake. Huyeyusha unga wa mkemia, huuchuja, huuacha kwenye chupa iliyofunikwa kwa karatasi yenye matundu ya sindano. Kisha husubiri. "Ukiichungulia-chungulia inanuna," husema.

Unga huo ni wa molekuli ndogo, bapa, iliyobuniwa ncha moja itoe elektroni na nyingine izivute. Zikijipanga zote zikitazama upande mmoja, fuwele hupokea mwanga wa leza usioonekana kwa jicho na kutoa wa kijani. Zikilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kila moja hubatilisha jirani yake, na kijani hakuna.

Kwa miaka molekuli hiyo ilizaa vijiti vya manjano, vibaya vya sura, vyenye kijani kikali. Vijiti hivyo vilikuwa kazi ya Mkunga, na tangu mumewe apooze, ndiyo kazi pekee iliyobaki ya kuwalisha nyumbani.

Msimu wa mvua chupa moja ikazaa kitu kigeni: bamba angavu, pana kama ukucha wa gumba, kingo zimenyooka kama zimekatwa. Chini ya leza halikutoa chochote. Kanuni ya kwamba koti la kazi halivuki mlango aliitunga Mkunga mwenyewe. Siku hiyo alilitia bamba mfukoni, akaenda nalo nyumbani.

"Umeniletea almasi?" mumewe akauliza, ulimi mzito.

"Almasi ya maskini. Haifanyi kazi."

"Basi tumefanana, mimi na yeye."

Wakacheka. Asubuhi akarudi kazini na koti lile lile.

Fuwele changa huiga mbegu iliyoikuta, na chembe ya vumbi la fuwele yatosha kuwa mbegu. Chupa iliyofuata ikazaa mabamba. Na iliyofuata. Wakapiga deki hadi dari, wakachemsha vyombo katika asidi. Mabamba.

"Mama, kile kipande cha kwanza ulikiweka wapi?" mkemia akauliza.

"Mfukoni."

"Mfuko upi?"

Akaugusa, kwenye koti alilovaa. Mkemia akarudi nyuma kama aliyeona upele.

Kazi ikahamishiwa jengo jingine, ng'ambo ya mji, kwa vyombo vipya. Mkunga alinyoa nywele, akavaa nguo mpya, akaenda. Mkemia alimkuta mlangoni.

"Si mimi ninayekukataa, mama. Ni hilo vumbi."

"Nimejisugua mpaka nimechubuka, mwanangu."

"Najua. Lakini tutajuaje limeisha, bila kukuingiza? Na ukiingia nalo, tumekwisha."

Akageuka kurudi nyumbani. Yeye mwenyewe aliwahi kuwafukuza watu mlangoni kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Siku hizi bamba liko dirishani, karibu na kitanda. Jua hupita ndani yake na kutoka vilevile lilivyoingia.

"Uzuri wa mkakasi," mumewe husema. "Litupe."

"Nilitupe wapi?"