Kura ya Hafod Las

Jimbo letu la Carreg Wen lilikuwa na mbunge mmoja tu, na kura zake zilihesabiwa mchana. Majimbo mengine ya Wales yalikesha yakihesabu. Sisi tulilala zetu, tukasubiri Ijumaa asubuhi masanduku ya mashamba ya mlimani yateremke. Na tangu mwaka 1945 meza ya kwanza ya kuhesabia ilikuwa ya Eluned Parry, mpishi wa shule. Hakuna mtu aliyewahi kurudia hesabu yake akapata tofauti. Nasema hivyo kwa majivuno, ingawa kuna siku nilitamani angekuwa mzembe kidogo.

Kila uchaguzi Eluned alikutana na kura ya baba yake, Idwal, aliyezeeka kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea. Mzee aliweka alama yake vizuri, kisha chini akaandika kwa lugha yetu: Hafod Las, yaani malisho ya kijani. Kwetu akina Parry wamejaa tele, kwa hiyo mtu huitwa kwa jina la nyumba yake, na Hafod Las aliishi yeye peke yake. Sheria inasema kura yenye kumtambulisha mwenyewe imeharibika. Eluned alikuwa akiitupa kwenye zilizoharibika bila kusubiri kuambiwa.

"Baba, si ubaki kitandani tu?" alimwuliza mara nyingi. "Unapanda kilima chote kile kwenda kuharibu karatasi!"

"Wewe hesabu. Mimi napiga."

Mambo yalianzia kwa babu wa Idwal. Enzi hizo mwanamume alitamka kura yake kwa sauti, msimamizi wa mwenye ardhi amekaa pale pale anasikiliza. Babu akataja jina lisilotakiwa. Kabla ya mwaka mpya akatupwa nje ya shamba la Hafod Las, yeye na watoto saba. Jimbo lilipoundwa mwaka 1885 kura ilishakuwa siri, lakini babu aliapa kwamba ukoo wake hautajificha kamwe. Akajenga kibanda cha vyumba viwili, akakiita Hafod Las, na jina hilo akaliandika kwenye karatasi yake. Mwanawe akafanya hivyo hivyo, na Idwal naye.

Mwaka 1979 tulishasikia kwamba jimbo litafutwa, limezwe na watu wa pwani. Tulitaka kuliaga likiwa na mbunge wetu wenyewe, mwalimu Gwilym. Mimi nilikuwa wakala wake. Hesabu ikaisha: Gwilym yuko nyuma kwa kura moja. Wakarudia. Moja ile ile.

Zikaletwa zilizoharibika. Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Thornbury, mgeni asiyejua hata salamu yetu, akainua karatasi moja.

"Alama iko wazi, ni ya Gwilym. Haya maandishi ni nini?"

Wakala wa upande wa pili alikuwa mgeni kama yeye. Kura zikilingana, mshindi angepatikana kwa bahati nasibu.

"Maneno tu, bwana," nikasema. "Mambo ya malisho."

"Basi naihesabu."

Eluned akasimama. Alikuwa amempikia Gwilym chakula cha mchana miaka ishirini, na alitaka ashinde kuliko nilivyotaka mimi.

"Samahani, bwana. Hilo ni jina la nyumba, na ndani yake yumo mtu mmoja. Idwal Parry wa Hafod Las. Ni baba yangu."

Karatasi ikarudi ilikotoka, na tukashindwa.

"Luned, umetumaliza!" nikamfokea nje.

"Twende ukamwambie Baba mwenyewe," akajibu.

Nikaenda, nikaingia na kofia yangu kichwani, nikitamani kumwona Eluned akigombezwa na baba yake. Mzee, miaka themanini na sita, alikuwa anakata mkate wa zabibu. Eluned akamweleza yote.

"Ulilitaja jina langu kwa sauti?"

"Kwa sauti, Baba. Ukumbi mzima umesikia."

"Na hakuna aliyekuja kunitoa nyumbani."

"Hakuna."

"Basi leo kura yangu imehesabiwa." Akamshika binti yake mkono, macho yamemjaa machozi na kichwa kimeinuka. Sijapata kuona mtu aliyeshindwa akiwa na fahari kiasi kile.

Kisha akanigeukia. "Na huyu? Alisemaje?"

Eluned akanionea huruma, akajitia kupanga sahani. Nikajibu mwenyewe.

"Nilisema ni maneno tu, mzee."

Akanisukumia kipande cha mkate.

"Kaa ule," akasema. "Lakini ukiwa Hafod Las, vua kofia."