Kituo cha Salamu

Baba yangu aliweza kuendesha baiskeli na aliweza kuogelea. Kilichomshinda ni kutembea. Nyonga yake ya kulia ilikataa kubeba uzito, hivyo ukimsimamisha chini anatafuta ukuta, lakini ukimpandisha kwenye siti anakwenda kama zamani alipokuwa fundi wa reli. Kila asubuhi nilimshikia baiskeli mbele ya nyumba yetu Ngamiani, akapanda kutoka kwenye kizingiti, nami nikamfuata na yangu. Alikuwa anakwenda Raskazone kuogelea, mimi nikienda kufundisha shule ya hukohuko. Kule pwani kulikuwa na kijiukuta cha kushukia. Kati ya kizingiti na kijiukuta hapakuwa na mahali ambapo baba angeweza kushuka na kupanda tena.

Hilo lilikuwa siri, na ndilo lililotuletea balaa.

Kwetu Tanga, ukiwa juu ya baiskeli ukafika penye wazee waliokaa, unashuka. Unasukuma, unasalimia, ukishawapita ndipo unapanda tena. Kuwapita ukiwa juu ya siti ni sawa na kuingia nyumbani kwa watu na viatu. Na mtaa wa pili kutoka kwetu palikuwa na baraza ya kahawa, na kwenye baraza hiyo alikaa sahibu yake baba; walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakaoa mwaka mmoja, wakagombana na kupatana mara nyingi kuliko wake zao. Tangu nyonga imharibikie, baba alikuwa akizungukia mtaa wa nyuma ili asipite pale.

"Mwambie tu ukweli," nilimwambia.

"Nimwambie mguu umekufa? Kesho watakuja na mkeka kunisomea hitima. Na kama wanipenda, mbona yeye haji?"

Kweli hakuwa akija.

Ndipo halmashauri ikaamua kutupenda sisi wenye baiskeli. Baada ya miaka mingi ya kubanwa na bajaji na kupigiwa honi na bodaboda, tukaambiwa tutapata njia yetu wenyewe, kutoka Ngamiani mpaka Raskazone. Akaletwa ofisa kijana kutoka bara, mpole, mwenye kofia ngumu ya ujenzi ambayo hakuivua hata alipokunywa chai. Watu wakasema yale ya siku zote, waja leo waondoka leo, wakamkaribisha mbaazi na mandazi.

Njia ikachorwa. Mstari mweupe, na kila baada ya hatua kadhaa picha ya baiskeli. Mchoraji alisahau pedali, wazee wakajadili asubuhi nzima baiskeli ile inakwendaje. Njia yenyewe ilipita mbele ya baraza ya kahawa, karibu kabisa, kiasi kwamba mwenye kikombe angeweza kukiweka kwenye karia ya anayepita. Kukawekwa kibao: NJIA YA BAISKELI. KUTEMBEA NI MARUFUKU. Chini ya kibao akawekwa mgambo mwenye filimbi, na mtaa wa nyuma baiskeli zikapigwa marufuku.

Siku ya kwanza nilifika mbele ya baraza, nikashuka, nikasema shikamooni. Filimbi ikalia.

"Mama, unatembea kwenye njia ya baiskeli."

"Nina baiskeli. Hii hapa."

"Hujaipanda. Asiyepanda ni mtembea kwa miguu."

"Nikipanda hawa wazee watasema sikulelewa!"

"Hilo halimo kwenye maelekezo yangu," akasema, na kusema kweli alionekana kuhuzunika, kwa kuwa mmoja wa wazee wale alikuwa mjomba wake. Nilitamani kumtia filimbi yake mfukoni na kuushona mfuko.

Basi mji ukapata wazimu. Ukishuka, mgambo. Usiposhuka, laana. Kuna waliobeba baiskeli begani wakapita nje ya mstari, wakasalimia, wakazishusha mbele. Kuna waliobuni kushuka nusu, mguu mmoja kwenye pedali na mwingine ukirukaruka chini, na ukawaona watu wazima, wengine wamevaa kanzu, wakidunda mbele ya baraza wakisema asalaam aleikum kwa vipande. Muuza samaki mmoja alidunda mpaka changu wote wakamwagika, na paka wa mtaa wakaiunga mkono halmashauri.

Baba hakuweza kubeba wala kudunda. Alipita juu ya siti, amenyooka, akaweka mkono kifuani na kuuinua kidogo. Mimi nikiwa nyuma yake niliona alivyoitazama ile baraza.

Siku ileile maneno yakatufikia nyumbani. "Kanyanyua mkono kama mgombea aomba kura. Pensheni imempanda kichwani." Na sahibu yake, tuliambiwa, alisema kwamba huyo aliyepita hamjui. Baba alikaa kitandani akikunja na kukunjua taulo lake la kuogea. Kesho yake hakwenda pwani, wala siku iliyofuata. Mtu ambaye alibakiwa na mambo mawili, baiskeli na bahari, alikuwa anayaacha yote kwa sababu ya salamu.

Nilimwendea yule ofisa kwa hasira. Sikumtaja baba, nilikuwa nimeapishwa. Nilimwambia tu kwamba kuna watu hawawezi kushuka, kwamba njia yake imewageuza wenye adabu kuwa wahalifu, na kwamba avue kofia anapoongea na mwalimu. Akaivua. Kisha akaenda kukaa barazani, akanywa kahawa, akasikiliza.

"Kwa hiyo tatizo ni salamu?" akauliza.

"Salamu si tatizo, mwanangu," akasema sahibu yake baba. "Tatizo ni njia yako."

Akarudi na fundi na mfuko wa saruji. Wakajenga kijiukuta kifupi ukingoni mwa njia, upande wa baraza, mpanda baiskeli aweze kukanyaga kwa mguu wa kushoto na kusimama bila kuondoka kwenye siti. Kibao kipya kikasema: KITUO CHA SALAMU. Wazee wakajadiliana kama kukanyaga ni kushuka. Wakakata shauri kwamba mguu mmoja ni nusu ya heshima, nusu iliyobaki itakuwa kwenye sauti. Baada ya siku chache ikabidi kiongezwe kibao kingine chini yake, SALAMU FUPI, maana watu walianza na habari za asubuhi wakafika kwenye habari za wajukuu huku foleni ikirudi nyuma hadi msikitini.

Nikamwambia baba. Mguu wa kushoto, nikasema, ule mzima. Nashukuru nchi yetu inaendesha kushoto. Alifikiri, akalichukua taulo.

Tulipofika, akakanyaga kijiukuta. Akasimama sawasawa, nyonga mbovu imetulia juu ya siti.

"Asalaam aleikum, sahibu," akasema baba.

"Waaleikum salaam." Sahibu yake aliinuka pole pole, akaja akipapasa hewa. "Ndiye wewe?"

"Wanitazama halafu waniuliza?"

Mkono wa kulia wa baba ulikuwa umenyooshwa mbele ya kifua cha yule mzee, wa kushoto umeegemea siti. Yule mzee akaukosa. Mkono wake ukapita chini, ukaangukia mshikio wa mpira wa usukani, ule wa kushoto, akaukamata kwa furaha, akautikisa mpaka kengele ikalia yenyewe.

"Mkono wako umekuwa mgumu, sahibu," akasema. "Na wa baridi."

Hakuna aliyecheka. Wale wenzake wakatazama vikombe, nikajua kwamba walijua siku nyingi. Mgambo alikuwa na filimbi mdomoni, akaitoa. Baba aliyatazama yale macho meupe, akaurudisha mkono wake bila kusema umekosewa.

"Uzee, sahibu," akasema.

"Mbona hushuki ukanywa kahawa?"

"Nyonga imenikataa. Nikishuka sipandi tena." Alisema hivyo mbele ya watu wote, kwa sauti.

"Na mimi ningekuja kwako..."

"Najua," akasema baba.

Jioni aliagiza kahawa na kashata, akaniambia nikamchukue sahibu yake kwenye karia yangu, nami nilimleta, ameng'ang'ania kiuno changu akililaani kila tuta la halmashauri.

Kesho yake asubuhi, kabla hatujafika kituoni, nilimwona baba mbele yangu akifanya jambo la ajabu. Aliuvusha mkono wa kulia, akauweka juu ya mshikio wa kushoto, maana mkono wa kushoto hausalimii mtu. Baiskeli ikayumba, nikapiga kelele, mgambo akapiga filimbi. Akafika hivyohivyo, amejipinda, akakanyaga kijiukuta. Mkono wa sahibu yake ukaja ukipapasa, ukaangukia palepale pa jana.

"Ah," akasema. "Leo una joto."