Jino langu la mbele Nachingwea: kupapasa kwa waya, picha, na mashine inayolia

Wakuu, walionizidi umri shikamooni, wajukuu marahaba. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi.

Naona mnabishana humu kuhusu root canal, ile ya kusafisha na kuziba mzizi wa jino badala ya kuling'oa, daktari anajuaje mzizi unaishia wapi. Mimi nimepimwa kwa njia zote mnazozitaja.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa Chiola, napiga tarumbeta kwenye beni, ngoma yetu ya matarumbeta. Mavuno yakiisha tunaitwa harusini mpaka Ruangwa. Huko Ruangwa, kijiji cha Malolo, ndiko nilikompata mchumba wangu, Somoe.

Nikaanguka na baiskeli. Jino la mbele likafa, likawa jeusi, ufizi ukajaa usaha. Zahanati wakasema ling'olewe tu.

Somoe akaja juu: "Wakiling'oa utapuliza na nini? Mimi nimempenda mpiga tarumbeta!"

Tukaenda hospitali Nachingwea, kulikuwa na daktari wa meno Mzungu. Akatoboa jino kwa nyuma, akaingiza kiwaya chembamba, akawa anapapasa mpaka kikwame.

Mkalimani akaniambia, "Ukisikia maumivu, inua mkono, ndiyo dalili waya umefika mwisho wa mzizi."

Wakuu, kwa woga niliuinua mapema! Daktari akapima hapo hapo, akasafisha, akaziba.

Haukupita muda, uvimbe ukarudi. Nikajua ndiyo basi, tarumbeta kwaheri. Somoe akanivuta turudi.

Safari hii daktari aliweka kipande cha mpira kwenye waya kama alama ya urefu, akauacha ndani ya jino, akapiga eksirei. Akaiinua picha dirishani, akatuita wote wawili. Ncha ya waya imeishia njiani, mzizi bado unaendelea!

Akasema, mkalimani akatafsiri: "Mkono wangu ulinidanganya, na wa kwako ukausaidia."

Somoe alicheka mpaka akashika ukuta.

Daktari akarekebisha urefu, akasafisha mpaka mwisho. Likapona.

Siku ya harusi yetu nilipuliza mwenyewe. Wazee wakanuna, bwana harusi gani huyu? Mara nikasikia kigelegele kutoka chumbani. Bi harusi mwenyewe!

(Beni zenyewe siku hizi hakuna. Nikisikia spika za harusi naingia ndani.)

Juzi juzi limeniuma gego. Daktari, binti mdogo tu, akanitundika mdomoni kindoano cha mashine ya kupima urefu, waya ulipokaribia mwisho mashine ikalia pii. Bado akapiga na picha kuhakikisha. Hata maumivu sikusikia.

Nikageuka nimwambie Somoe, "Umeisikia hiyo?"

Kwenye kiti cha wasindikizaji kulikuwa na koti langu tu. Mwenzangu tulishamzika Malolo.

Nilichojifunza: kabla hujakubali kung'olewa, uliza kama jino linaokoleka. Likitibiwa, uliza urefu umepimwaje, maana mkono peke yake unakosea. Na ukiweza, usiende peke yako.

Karibuni wakuu. Kuna aliyewahi kuzisikia beni za upande wa Ruangwa? Nisimulieni, hata kidogo. Nyumbani sina tena wa kukumbushana naye.