Ndimu Juu ya Chuma

Leo saa tatu na robo asubuhi nilikamua ndimu juu ya upanga wa Kihindi ninaoukarabati, na maji yake yalipogusa chuma, harufu kali ikanirejesha kibarazani kwa bibi, karibu na Msambweni.

Bibi aliachiwa upanga kama huu na babu. Mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Ukunda aliupenda kwa michoro yake, iliyotambaa ndani ya chuma kama mawimbi madogo. Aliahidi elfu ishirini, akamwomba bibi ausafishe kwanza. Mama alikuwa amelazwa, na bibi alizihitaji pesa zile kwa matibabu. Akausugua kama sufuria, kwa majivu, mchanga na kumbi la nazi, hadi ukang'aa mweupe.

Mnunuzi aliporudi, aliugeuzageuza.

"Bibi, nilisema usafishe, sikusema uuchune ngozi. Michoro imekufa. Huu sasa ni wa kufulia nazi."

Bibi akaketi. Mgeni akachukua ndimu kwenye sinia ya chai, akapaka tone pembeni mwa chuma, akasubiri. Niliona mawimbi yakianza kujitokeza pale pale. Akayafunika kwa kidole gumba.

"Bibi, michoro inarudi," nikasema.

"Nyamaza. Mtoto haingilii mazungumzo ya wageni."

"Mwache, bibi, ni utoto tu," mgeni akasema kwa upole, akiufunga upanga ndani ya gunia.

Alitoa mia tano. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akamwombea dua ya safari njema. Alikuwa amepoteza shilingi elfu kumi na tisa na mia tano.